Bikoni za Kijani

Maji Mafupi, Nakuru
4 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini nyonga inaendelea kupona, na kwamba dada Celestine anakutoa nje uote jua badala ya kukufungia ndani na mablanketi. Baridi ya Kuresoi naijua. Kukupigia simu ni kazi bure tangu masikio yako yalipokuacha, na meseji zote zinapita kwa simu ya Celestine, na hili sitaki lipite kwake kwanza. Barua nampa Kipruto wa lori la viazi. Ameahidi kukupa mkononi.

Baba, kuna jambo sielewi. Jana asubuhi nilikuwa kwa cherehani, nikaona watu watatu huko chini kwenye kinamasi. Mwanamke mmoja amevaa gambuti, na wanaume wawili wa kuvuta kamba. Walikuwa wanapigilia bikoni, vile vigingi vya mbao, vimepakwa rangi ya kijani kichwani, kuanzia kwa mpera mpaka mahali matete yanaishia kwa ua wa Mzee Khaemba. Na aliyekuwa akiwaonyesha mahali pa kupigilia ni nani? Khaemba mwenyewe, amenyoosha fimbo yake kama shamba ni la babake!

Nilipofika chini wale wageni walikuwa wameenda. Nikamuuliza, "Mzee, hizi ni za nini?"

Akanijibu, "Muulize babako."

"Baba yuko Kuresoi. Nakuuliza wewe."

"Basi mwandikie," akasema, akaenda zake.

Ndiyo nakuandikia. Si unakumbuka hapo chini uliniambia ni pangu? Siku niliyorudi kutoka Salgaa na begi moja, ndoa imeisha, ulinikalisha kwa ngazi ukaniambia, "Akeyo, wacha kulia. Ile sehemu ya chini ni yako, jenga chochote." Mimi sijasahau. Nimeshaongea na fundi. Mwezi wa tatu tunajaza udongo wa murram pale penye maji, halafu tunaweka msingi. Chumba cha cherehani nne na wasichana wawili wa kufundisha. Sasa naona bikoni.

Khaemba anauza? Ama kuna mtu amekuja kwako huko? Nijibu haraka tafadhali.

Binti yako,
Valarie Akeyo


Kuresoi
8 Februari 2025

Kwa binti yangu Akeyo,

Barua yako nimeipata. Kipruto aliniletea akiwa bado na udongo wa viazi mikononi. Nyonga si mbaya. Natembea mpaka langoni na kurudi, mara mbili kwa siku, na Celestine ananisimamia kama sajini. Huku ukungu huondoka saa nne ya asubuhi, ndipo mtu anaona ng'ombe wa jirani. Watoto wa dadako wananishinda drafti na nafikiri wananiibia, lakini sina ushahidi.

Kuhusu bikoni, usijisumbue sana. Khaemba hauzi kitu. Tumekuwa jirani miaka ishirini na sita, na hajawahi kusogeza ua wake hata hatua moja. Bikoni za baraza la mji ziache zilivyo. Kama kuna nyingine ambazo si za baraza, hizo ng'oa. Mambo mengine nitakueleza nikija, si ya kuandika.

Usimwage murram kwanza. Ngoja kidogo.

Korongo wale wenye taji, mwaka huu wamekuja wangapi? Khaemba huwahesabu. Kama hamjaongea vibaya, muulize.

Babako,
Barnaba Ooko


Maji Mafupi
11 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako mara tatu na bado sijapata jibu. Unaniambia nisijali, halafu unaniambia ningoje. Ningoje nini?

Sasa mambo yamezidi kuchanganyika. Leo asubuhi wamekuja watu wengine, wanaume wanne wa reflekta na kofia ngumu, na gari lenye tepe za kupima. Wamepigilia bikoni nyekundu. Zinatoka barabarani, zinakata katikati ya matete, zinashuka mpaka mtoni. Kwa hivyo huko chini sasa ni kama shamba la vigingi. Kijani inazunguka, nyekundu inapita katikati.

Safari hii sikulala. Nilikimbia mpaka kwao. Nikamwambia yule mkubwa wao, "Boss, nyinyi ni wa nani?"

"Sisi ni wa baraza, mama," akasema, akanionyesha karatasi. Baba, niliisoma kwa macho yangu. Ina muhuri wa Baraza la Mji wa Maji Mafupi, duara la bluu, na sahihi mbili.

Nikamuuliza, "Na hizi za kijani?"

Akazitazama, akainua mabega. "Hizo sizijui."

Basi kwangu imekuwa wazi kidogo. Nyekundu ni za baraza, zina karatasi. Kijani hazina karatasi, zina Khaemba. Wewe umeandika za baraza niziache na zisizo za baraza nizing'oe. Nimeelewa vizuri? Kipruto anapanda huko leo jioni, na Ijumaa anashuka tena, kwa hivyo utaweza kunijibu. Nikikosa neno lako mpaka Jumamosi, nitajua nimeelewa, na nitazing'oa.

Korongo sijawauliza. Mimi na Khaemba hatuongei.

Wako,
Valarie


Kuresoi
18 Februari 2025

Akeyo,

USIGUSE ZA KIJANI. Barua yako ya tarehe kumi na moja imenifikia jana. Lori la Kipruto liliharibika giaboksi pale Salgaa, likalala siku sita, na barua yako ikalala nalo kwenye dashibodi. Naomba Mungu ulinisubiri.

Za kijani ndizo za hifadhi. Nilipaswa kukwambia hivyo mara ya kwanza na sikukwambia. Baraza limeamua kulinda sehemu ndogo ndogo za wanyama na ndege hapo mjini, sehemu ambazo hakuna mtu huziona kuwa kitu. Kuna machimbo ya zamani ambamo bundi wanazaa, kidimbwi cha josho, kipande cha msitu nyuma ya kanisa, na kinamasi chetu. Ziko saba. Yule mwanamke wa gambuti ni Jepkorir, afisa wa mazingira wa baraza. Ni mtu mzuri.

Za nyekundu sizijui. Sijawahi kuzisikia. Muulize Khaemba, na umwambie nimekutuma.

Mengine nitakueleza. Celestine anakuja.

Baba


Maji Mafupi
20 Februari 2025

Baba,

Umechelewa, ama mimi nimewahi. Sijui niseme vipi.

Jumamosi nilingoja mpaka saa nane mchana. Nikaenda kwa stendi ya malori, wakaniambia Kipruto hajaonekana. Nikarudi, nikachukua jembe, nikashuka. Ziko ishirini na mbili. Nilizing'oa zote nikazirundika nyuma ya choo. Hakuna aliyeniona. Jumapili Khaemba alikuwa kwa ibada ya mazishi Molo, akarudi jioni, na nafikiri hakushuka.

Jumatatu saa mbili tingatinga la kuchimba likaja. Kumbe nyekundu ni mtaro, Baba! Barabara inapanuliwa na maji yake lazima yatoke mahali, na mtu amechora yatoke kwetu. Nilikuwa nimesimama kwa ua wa juu. Khaemba alitoka kwake mbio, shati halijafungwa vifungo, akasimama mbele ya ile mashine na mikono juu.

"Hapa ni hifadhi!" akapiga kelele. "Hapa hapachimbwi! Simamisha!"

Dereva akazima injini. Hakuwa na ubaya, kijana mpole tu. Akateremka, akatazama huku na huku. "Hifadhi gani, mzee? Nikiambiwa kuna hifadhi naona bikoni. Ziko wapi?"

Khaemba akageuka kuonyesha. Akazunguka hivi, akazunguka vile. Nilimwona akitafuta kwenye matete, akiinamia mashimo, akiingiza vidole ndani. "Zilikuwa hapa," akasema. "Zilikuwa hapa Ijumaa."

"Pole mzee," yule kijana akasema, akarudi kwa mashine.

Kufikia saa tisa maji yote yalikuwa yameteremka mtoni. Sikujua kinamasi kinaweza kuisha siku moja. Kambare wadogo wanarukaruka kwenye matope, vyura wamekaa tu, hawajui waende wapi. Katikati kulikuwa na kiota cha korongo, kama tuta la majani, na mayai mawili. Zamani maji yalikizunguka. Sasa mbwa wa mtaa mzima wanatembea mpaka hapo kwa miguu mikavu. Khaemba akaingia kwenye matope kuwafukuza, akateleza, akaanguka kwa bega. Majirani walimtoa. Bega limevunjika mfupa wa mbele, amefungwa mkono kifuani. Mayai hayakupona.

Jana Jepkorir alikuja. Alikaa kwa ngazi, akatoa faili. Ndani kuna fomu. Juu imeandikwa "Ridhaa ya Mwenye Shamba." Chini kuna jina lako, namba yako ya kitambulisho, na sahihi yako, ile yenye mkia mrefu. Tarehe ni ya Oktoba 2023.

Baba, mimi ulinipa hapo Agosti 2022. Hao uliwaambia nini?

Valarie


Kuresoi
22 Februari 2025

Valarie,

Nimekupigia mara nne hushiki, basi naandika kama Baba, labda hivyo utasoma. Ulimwandikia nini? Tangu jana hajala ila uji. Amekaa na karatasi yako mkononi, na nikimkaribia anaitia mfukoni. Daktari alisema asisumbuliwe, na nyinyi mnatumiana barua kwa lori kama watoto wa shule wanaojificha!

Nilimwandikia kwa ubao, "Kuna nini nyumbani?" Akaniandikia, "Ndege." Basi. Ndege.

Imebidi nimpigie mke wa Khaemba ndiyo nikajua habari ya mtaro na hiyo fomu. Sasa nisikilize. Oktoba 2023 Baba alikuwa ndiyo anatoka hospitali mara ya kwanza. Alikuwa na dawa nyingi, masikio yameshaenda, watu wanamwonyesha karatasi anatia sahihi tu ili wamwache. Hata kwa benki alifanya hivyo, nilikuwepo. Ni wazi hakuelewa alichotia sahihi. Mwambie huyo afisa hivyo. Mama Khaemba anasema tarehe sita mwezi wa tatu kutakuwa na mkutano. Uende useme mzee hakuelewa, shamba libaki letu, jenga chumba chako, tumalize.

Na uache kumwandikia mambo mazito.

Dadako,
Celestine


Maji Mafupi
25 Februari 2025

Baba mpendwa,

Celestine ameniambia nisikuandikie mambo mazito. Mepesi sina.

Nilienda kwa ofisi ya Jepkorir nikamwambia vile Celestine alisema, kwamba huenda hukuelewa. Hakukasirika. Alinieleza hivi, na niliandika ili nisikosee. Kule barazani mazingira wako ghorofa ya kwanza na barabara wako ya pili, na hakuna aliyepanda wala kushuka kumwambia mwenzake. Hifadhi zote saba zinapitishwa siku ya mkutano. Ikiwa mwenye shamba alijua anachofanya, fomu inasimama, kinamasi kinaingia kwenye orodha, na mkandarasi ataambiwa aufunge mtaro apeleke maji ya barabara kwingine. Ikiwa hakuelewa, fomu haina nguvu. Kinamasi kinatoka kwenye orodha, mtaro unabaki, na palipokauka ni petu kama zamani.

"Kwa hivyo ni neno la mzee," akasema. "Na mimi siwezi kumwekea maneno mdomoni."

Nikamuuliza kama siku ile ulionekana kuelewa. "Alikuwa anatabasamu," akasema. "Lakini wazee wasiosikia hutabasamu sana."

Baba, mimi sijui tena nataka jibu gani. Pamekauka sasa. Fundi alipita jana akasema hata murram haihitajiki nyingi, Mungu amenifungulia. Nikamwambia aende, sijui kwa nini. Nikifungua dirisha asubuhi kumenyamaza. Sikuwahi kujua kelele yote ile ilikuwa vyura. Nilidhani ni asubuhi tu, kwamba asubuhi ndivyo inalia.

Na kuna lingine. Khaemba hajui ni mimi. Anafikiri ni watu wa mtaro waliozing'oa. Jana nilimpelekea uji, akaunywa, akanishukuru kwa mkono mmoja, akasema, "Watu ni wabaya, Akeyo." Nikachukua kikombe nikaenda kukiosha.

Ulielewa au hukuelewa? Niandikie neno moja.

Valarie


Kuresoi
1 Machi 2025

Nyathina, mtoto wangu Akeyo,

Nilielewa.

Umetaka neno moja, hilo hapo. Lakini nina karatasi na Celestine ameenda sokoni Molo, basi nitaendelea.

Nilielewa kila mstari wa ile fomu. Niliisoma mara mbili, na Jepkorir aliningoja akinywa chai. Sikuwa na dawa kichwani. Nilikuwa nimeamka vizuri siku hiyo, hata nyonga ilikuwa imetulia. Benki nilitia sahihi bila kusoma kwa sababu benki sikujali. Hapa nilijali.

Siku uliyorudi kutoka Salgaa, nilikwambia sehemu ya chini ni yako. Hilo pia nililijua nilipolisema. Ulikuwa unalia vibaya na mimi nilikuwa sina kitu kingine cha kukupa. Mtu akiona mtoto wake amekaa vile hatafuti hesabu ya mambo. Niliangalia mbele yangu nikaona kinamasi, nikakutolea. Ningeona ng'ombe, ningekupa ng'ombe.

Halafu mwaka ukapita na hukujenga. Nikaona labda umesahau, ama labda umepata nguvu zako na hupahitaji. Huo ulikuwa uwongo niliojiambia. Mimi na Khaemba tulikuwa tunakaa pale chini kila jioni tangu nistaafu reli. Tulianza kuhesabu korongo bila sababu, kama wazee wengine wanavyohesabu magari. Mwaka wa kwanza walikuwa kumi na mmoja. Halafu saba. Halafu wanne. Masikio yalipoondoka, kila mahali pengine pakawa pagumu kwangu. Kanisani naangalia midomo. Kwa chakula naangalia midomo. Pale chini sikuhitaji kusikia chochote ili niwe sawa na Khaemba. Tulikuwa wazee wawili wanaotazama ndege, na yeye hakusikia zaidi yangu kwa sababu hatukuwa tunaongea.

Basi Jepkorir alipokuja nikatia sahihi. Sikukwambia kwa kuwa niliogopa uso wako. Ulipoandika habari ya bikoni nikaogopa tena, nikakuandikia yale maneno ya "za baraza" na "zisizo za baraza", maneno ya mtu anayejificha. Ulizing'oa wewe, lakini barua iliyokutuma ni yangu. Hilo bega la Khaemba ni langu pia.

Sasa naomba kitu kimoja. Wasiseme sikuelewa. Miaka sita ndivyo wanavyosema juu yangu, kliniki, kanisani, hata hapa mezani. Nawaona midomo. "Hakuelewa, mwache." Akeyo, nikiharibu, niseme nimeharibu nikiwa mzima.

Ndani ya bahasha nimeweka karatasi mbili, zote nimetia sahihi mbele ya chifu wa huku. Moja inasema nilielewa na ridhaa yangu iko pale pale. Ya pili inasema nilielewa, lakini sehemu hiyo nilikuwa nimeshampa binti yangu, kwa hivyo naiondoa ridhaa. Zote mbili ni kweli. Peleka unayotaka. Sitakuuliza.

Babako,
Barnaba Ooko


Maji Mafupi
8 Machi 2025

Baba,

Kwanza nimekasirika, na nitaandika nikiwa nimekasirika, kisha nitakueleza mkutano.

Umefanya tena! Mimi nilikuuliza swali, wewe ukanitumia karatasi mbili. Ulinipa shamba, ukawapa ndege. Sasa umenipa ndiyo, umenipa na hapana, na zote umegonga muhuri wa chifu. Siku nne nilitembea nazo kwa mkoba. Nikishika moja naona ile nyingine. Usiku wa kuamkia mkutano niliomba moja ipotee, yoyote ile, ili nisiwe mimi.

Mkutano ulikuwa kwa uwanja wa shule, chini ya hema. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Walianza na machimbo ya bundi, ikapita. Josho, ikapita baada ya kelele ya wenye ng'ombe. Kufika kwetu, Jepkorir akasimama akasema kuna swali juu ya ridhaa, na kwamba familia iko hapa. Yule mtu wa barabara alikuwa ameketi mstari wa mbele. Akasema bila kusimama, "Tunajua mzee ni kiziwi na ana umri. Hatumlaumu. Hakuelewa tu, tuendelee."

Watu wakaitikia kwa huruma. Baba, hapo ndipo niliona uliyoyaandika. Walikuwa wanakuhurumia, na kila kichwa kilichoinama kilikuwa kinakufuta kidogo.

Nikasimama. Sikuwa nimeamua. "Alielewa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Baba yangu ni kiziwi. Alisoma fomu mara mbili na alielewa kila mstari." Nikatoa karatasi. Ile ya kwanza.

Jepkorir akaisoma, akampa karani. Yule wa barabara akauliza, "Na kama ni hifadhi, bikoni zilikuwa wapi siku ya kuchimba?"

Ningeweza kukaa. Hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi, wote walimgeukia Khaemba, na Khaemba akaanza kuinuka na mkono wake uliofungwa, kusema tena kwamba watu ni wabaya.

"Nilizing'oa mimi," nikasema. "Ziko nyuma ya choo chetu. Ishirini na mbili."

Khaemba alibaki vile, nusu ameketi nusu amesimama. Hakunitazama. Alikaa polepole, akaweka fimbo katikati ya magoti, akaangalia chini mpaka mkutano ukaisha. Kinamasi kilipita. Mtaro utafungwa, wamesema, ndani ya siku tisini. Wanasema hivyo. Mimi nimepewa adhabu ya kupanda matete upya, mimi mwenyewe kwa mikono, chini ya macho ya Jepkorir.

Chumba cha cherehani sasa sina pa kuweka. Nitahamisha kitanda changu kwa chumba cha mbele na nianze na cherehani mbili. Nililia nikiwaambia wale wasichana. Sijui kama nimefanya vizuri. Kuna wakati nahisi nimefanya, halafu nafungua dirisha naona matope makavu na mtaro, na naona nimetupa nyumba yangu kwa ajili ya shimo.

Leo asubuhi, hata kabla sijanywa chai, nilisikia jembe. Nikatoka. Khaemba alikuwa ndani ya mtaro, pale juu karibu na chemchemi, anavuta udongo kwa mkono mmoja. Udongo unaingia kidogo, mwingi unamwangukia miguuni. Nikashuka na jembe langu. Sikujua kama atanifukuza. Nikaanza upande wa pili.

Tulichimba labda saa nzima. Ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Uliniletea uji."

"Ndiyo, mzee."

"Ukijua."

"Nikijua."

Akavuta udongo mara mbili, mara tatu. "Na juzi kwa nini ulisema? Hakuna mtu alikuwa anajua."

"Sijui," nikamwambia. Na ni kweli, Baba, mpaka saa hii sijui.

Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Hapo unaacha pengo. Maji yatapita hapo hapo. Kanyaga."

Nikakanyaga.

Ile karatasi ya pili nairudisha kwenye bahasha hii. Ichome mwenyewe, mimi sitaki kuwa nayo. Na kuanzia leo ukitaka kunipa kitu, nipe. Ukitaka kuninyima, niambie machoni. Nitalia, halafu nitanyamaza. Lakini usiniandikie tena nusu ya neno kwa lori.

Binti yako,
Valarie Akeyo


Kuresoi
11 Machi 2025

Akeyo,

Nimesoma yote. Karatasi nimeichoma jikoni, Celestine akiangalia.

Unataka machoni. Ni haki yako. Kipruto anashuka Jumamosi saa kumi na mbili ya asubuhi, na nimemwambia aniwekee kiti cha mbele, magunia akayapange nyuma. Begi nimefunga. Mwambie Khaemba nakuja, na kwamba najua kushika jembe nikiwa nimeketi kwa stuli.

Celestine anasema nyonga haijapona, barabara ni mbaya, na daktari hatakubali. Amesimama mlangoni anasema mambo mengi sana.

Nimemwambia sisikii.

Babako,
Barnaba Ooko